Farasi Tisini kwa Boti la Mpira

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, ila jina lake silitaji. Wenyewe hawapendi litajwe bila vyeo vyake, na vyeo vyake vinajaza ukurasa. Tuseme tu kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, yenye ziwa kubwa, na yenye viongozi wanaotuwazia hata pale tunapowaomba wapumzike kidogo. Mimi ni karani. Naitwa Shomvi, na kwa miaka ishirini na sita nimeandika mihtasari ya vikao vya Idara ya Vyombo Vinavyoelea. Sijawahi kuruka neno la mkubwa hata moja. Nikikwambia jambo lilitokea, lilitokea, na lina namba ya faili.

Jambo lenyewe ni boti.

Marafiki wa mbali walituletea boti la mpira, jekundu, la kujaza upepo, urefu wake mita nne. Walilituma kwa ajili ya Kisiwa cha Popo, chenye watu elfu mbili, zahanati moja na nesi mmoja. Mgonjwa wa kisiwani akizidiwa huvushwa kwa kasia mpaka hospitali ya ng'ambo, mwendo wa saa tatu kama maji yametulia. Kama hayajatulia, watu huanza kuulizana sanda iko wapi. Boti lenye injini lingemfikisha kwa dakika ishirini na tano. Wahisani waliandika na barua: boti hili hapa, injini chagueni wenyewe, ninyi ndio mnaolijua ziwa lenu.

Maskini, hawakujua walilosema. Kumwambia ofisa wa kwetu "chagua mwenyewe" ni kumpa kazi ya kustaafia. Wiki ile ile ikaundwa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Uteuzi wa Injini, wajumbe kumi na mmoja, mwenyekiti Bwana Mkurugenzi, na mimi mwandishi.

Kikao cha kwanza aliitwa Fundi Kitwana, mtu aliyeanza kufungua injini za boti kabla hajaota ndevu. Aliingia na suruali iliyolowa magotini. Mjumbe mmoja aliomba jambo hilo liingie kwenye muhtasari, nikaliingiza.

"Wakubwa zangu," Fundi akasema, "hili boti halitaki kikao. Pale nyuma, kwenye ubao wa kufungia injini, kuna kibao kidogo. Kinasema watu watano, injini isizidi nguvu ya farasi ishirini. Mimi nasema kumi na tano. Ukiweka ya tano, ukipakia mgonjwa na wasindikizaji wawili, litajikokota tu na mawimbi yatalirudisha. Ukiweka ya arobaini, uzito utadidimiza nyuma, na ukikaza mwendo pua itainuka mpaka boti likupindukie. Hata ule ubao utang'oka, maana umegandishwa kwenye mpira tu. Ni kama kumvisha mtoto viatu vya baba yake, atakwenda hatua mbili halafu meno chini. Kumi na tano watu wawili wanaibeba. Na moja ipo stoo, mpya, ndani ya boksi lake tangu mwaka juzi. Nipeni saa moja."

Bwana Mkurugenzi alivua miwani. "Hicho kibao kimesainiwa na nani?"

"Hakijasainiwa, mzee. Kimewekwa na kiwanda."

"Kina muhuri?"

"Hakina."

"Basi hiyo ni barua isiyo na jina," akasema Bwana Mkurugenzi, "na serikali haifanyi kazi kwa barua zisizo na jina."

Wajumbe wakapiga makofi. Hata hivyo kumi na tano ilipita, kwa sababu chai ilikuwa imeletwa na maandazi yalikuwa ya moto. Nikaandika: injini ya farasi kumi na tano. Faili likaanza kupanda ngazi.

*

Hapa inabidi nikueleze desturi yetu, ndugu msomaji, usije ukadhani watu wetu ni wabaya. Kwetu kila mkubwa anayepitiwa na faili lazima aongeze kitu. Akiliachia lipite kama lilivyokuja, watu husema hakulisoma, na wengine husema yule bwana siku hizi hayupo. Kuongeza ndiyo heshima ya kiti. Kuna shule iliomba kengele. Ombi lilipotoka juu lilikuwa la mnara wa saa wenye nyuso nne, na mpaka leo watoto wanaitwa darasani kwa kugonga ringi la gari. Hakuna aliyekula kitu pale, wallahi. Kila mtu aliongeza kwa nia njema.

Basi Bwana Mkurugenzi akaongeza tano za akiba, zikawa ishirini. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana ishirini bado ilikuwa ndani ya kibao.

Wiki hiyo hiyo mwanangu Zamda alinipigia simu kutoka Kisiwa cha Popo alikoolewa. Zamda ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake alitangulia mbele ya haki Zamda akiwa na miaka minne, nikamlea mwenyewe, nikajifunza kusuka nywele kwa kukosea kichwani kwake. Aliniambia ana mimba ya miezi miwili. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu mimba ya kwanza ilimalizikia kwenye kisu cha daktari, na mtoto hakupona. Nesi alikwisha kumwambia waziwazi: wa pili asijaribu kuzalia kisiwani, kovu linaweza kuachia, lazima azalie hospitali ya ng'ambo.

"Na wiki za mwisho uje kukaa kwangu," nikamwambia.

"Nitakuja, baba. Ila si mnatuletea boti? Nasikia ni kamati yako." Akacheka. "Haya, tushindane. Faili lenu na tumbo langu, tuone lipi litatangulia kukua."

Nami nikacheka. Nilimwambia faili la serikali halishindani na mtu.

*

Tumbo lilipofika miezi minne, faili lilikuwa kwa Kamishna wa Maji Yaliyotulia. Huyu aliandika farasi thelathini. Alieleza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba boti lake binafsi la kuvulia samaki siku za Jumapili lina ishirini na tano, na si adabu mali ya umma ikawa nyuma ya mali yake. Miezi sita, Katibu Mkuu aliandika arobaini, akasema nchi imekua.

Usidhani nilikaa kimya. Nilikwenda kwa Fundi Kitwana, tukakaa juu ya boti lenyewe, ambalo watoto wa walinzi walikuwa wamelifanya kitanda cha kurukia. Akanionyesha ule ubao. Akaushika kwa vidole viwili, akautikisa, ukatikisika. "Baba Zamda," akaniambia, "hapa wanataka kufunga arobaini. Kilo mia kasoro! Hebu waambie, wewe si ndiye unayeandika?"

Nikarudi ofisini, nikabandika kikaratasi kwenye faili: Fundi anashauri irudishwe kumi na tano. Siku ya tatu nikaitwa kwa Bwana Mkurugenzi. Alikuwa mpole. Alinikalisha, akaniagizia soda.

"Shomvi, wewe una cheo gani?"

"Karani mwandamizi, mzee."

"Umewahi kuona faili lililoshuka namba?"

"Sijawahi."

"Basi usiwe wa kwanza. Kupunguza ni kusema waliokutangulia walikosea. Sasa wewe unataka kusema Katibu Mkuu amekosea?"

"Hapana, mzee."

"Kunywa soda."

Nikanywa. Kikaratasi alinirudishia, nikakikunja na kukitia kwenye kapu la taka, maana ofisi yetu ni safi.

Miezi saba, faili likafika kwa Mheshimiwa Waziri wa Vivuko na Fahari ya Taifa. Mheshimiwa alikuwa ametoka ziarani nchi jirani, ambako aliona boti lenye farasi sitini, na hakupata usingizi tangu hapo. Alituita kamati nzima ukumbini.

"Ndugu zangu," akasema, "taifa linalojiheshimu haliwezi kwenda mbele ya macho ya dunia likisukumwa na farasi arobaini! Arobaini! Wazee wetu walipigania nchi hii kwa mikono mitupu ili leo tukawe nyuma ya jirani? Nasema tisini. Na watakaouliza kwa nini tisini, waambieni kwa nini si tisini!"

Tukasimama tukapiga makofi. Mimi nilipiga huku nahesabu wiki. Katika nchi yetu farasi wenyewe wapo wawili tu, wote wa gwaride, na mmoja anachechemea. Lakini tisini ikaandikwa, na mkono ulioiandika ni huu.

*

Zamda alitakiwa avuke wiki mbili kabla ya tarehe. Alikwisha kufungasha. Alikuwa ameninunulia dagaa wa kukaanga, na fulana za mtoto zilikuwa ndani ya beseni tayari.

Ndipo lilipotoka tangazo. Injini imewasili, uzinduzi utakuwa Alhamisi, na kwa ajili ya usalama wa sherehe ziwa lote limefungwa kuanzia Jumanne. Chombo chochote, hata beseni, kisionekane majini mpaka Mheshimiwa akate utepe. Mgambo wawili wakapelekwa kisiwani kulinda gati. Nilimwambia mwanangu asihofu, siku tatu si nyingi, na Ijumaa atavushwa kwa boti lenyewe, awe abiria wa kwanza, pengine atatokea gazetini.

"Kwa farasi tisini?" akaniuliza. "Baba, nitafika hospitali nishajifungua kwa mshtuko."

Alhamisi asubuhi mwalo wa kuegeshea boti ulipambwa mpaka usiutambue. Mahema, maspika, ngoma tatu, bendi ya tarumbeta, kina mama kwa khanga zenye picha ya injini. Injini yenyewe ilibebwa na wanaume wanane, ikafunikwa kitambaa cha satini kama bi harusi. Mtunza stoo alikuwa kwenye kwaya ya mapokezi, kwa hiyo ufunguo wa stoo aliniachia mimi.

Saa nne simu ikalia.

"Baba, uchungu umeanza."

"Tangu lini?"

"Alfajiri. Nesi anasema pale penye kovu panavyouma hapapendi. Boti limeanza?"

"Linakuja, mama."

Nilikwenda mbio kwa Fundi Kitwana. Hakuniacha nimalize. "Mheshimiwa anafika saa ngapi?"

"Ratiba inasema saa tano. Lakini unamjua."

"Basi nipe ufunguo. Ile ya kumi na tano naifunga kwa dakika kumi, nakwenda, namchukua, narudi. Saa nzima haiishi. Akifika Mheshimiwa atakuta boti lake pale pale na bi harusi wake wa satini. Nipe ufunguo, baba Zamda."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati. Nilikuwa nauhisi. Ila miaka ishirini na sita si mchezo, ndugu yangu. Nikamwambia anisubiri, nikaombe ruhusa.

Bwana Mkurugenzi alikuwa anafanyia mazoezi hotuba yake ya kumkaribisha atakayemkaribisha Waziri. Nikamweleza. Nilimpigia magoti, sioni aibu kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena akanishika bega, na machoni nikaona ananihurumia kweli.

"Shomvi, mwanao ni mwanangu. Lakini fikiria. Watu wote hawa wakiona boti linakwenda na kurudi kwa kumi na tano, mimi nitawaambia hii tisini ni ya nini?"

Nikarudi. Fundi Kitwana alikuwa amesimama mlangoni pa stoo amekunja mikono ya shati, na aliponiona akanyoosha kiganja. Sikumpa. Nimetafuta neno la kiofisi la kitendo kile, sijalipata. Nilimwambia, "Wamesema tusubiri." Alinitazama, kisha akashusha mkono wake taratibu.

Saa sita, simu. "Baba, wamemrudisha Chande na mtumbwi." Chande ni mume wake. "Wanasema ziwa limefungwa."

"Mwambie azungumze nao kwa adabu, mama. Boti linakuja."

"Unasema linakuja tangu asubuhi."

"Linakuja."

Saa nane alipiga Chande mwenyewe. "Baba, anatoka damu. Nimewaambia hawa mgambo wanipige risasi kama wanataka, mimi natia mtumbwi majini." Nilisikia sauti ya mtu mwingine, nzito, ikisema, "Nani wa kukupiga risasi? Lete kasia, nami nipige." Alikuwa mmoja wa wale mgambo. Huyo mtu sina jina lake, na ndiye mtumishi pekee wa serikali siku ile aliyejua kazi yake.

Mheshimiwa alifika saa tisa. Bendi ikapiga, kwaya ikaimba ubeti mmoja kwa kila farasi mpaka wa ishirini na saba, wakaambiwa wafupishe. Mheshimiwa alihutubia. Alisema kuanzia leo mama wa Kisiwa cha Popo hatakufa tena kwa kukosa chombo. Alisema neno "mama" mara kumi na tisa. Nilizihesabu, kwa sababu nilikuwa naandika, na nilikuwa naandika kwa sababu mkono ukisimama ningelia mbele za watu.

Saa kumi utepe ukakatwa. Wanaume wanane wakaifunga injini kwenye ubao. Boti likakaa kitako papo hapo, nyuma ndani ya maji, pua ikitazama mbinguni. Watu wakaguna. Bwana Mkurugenzi akatangaza kwenye spika kwamba hilo ndilo pozi la kisasa. Wajumbe wawili wanene wa kamati wakaombwa wakakae mbele ili kusawazisha, wakavaa maboya juu ya suti. Dereva akawasha. Kishindo kile, hata ndege waliruka. Akakaza.

Boti lilisimama wima. Ubao wa nyuma ukang'oka kama kifuniko cha kopo, na injini ya farasi tisini ikashuka chini ya ziwa ikiendelea kunguruma, mapovu yakatoka, halafu kimya. Wajumbe wakaelea. Bendi haikuwa imeelekezwa kuacha, ikaendelea.

Hakuna aliyeumia. Tume ya uchunguzi iliundwa pale pale chini ya hema, ikakaa dakika kumi na tano, ikagundua kwamba kosa ni la boti. Injini haikuwa na tatizo lolote. Ikaazimiwa iombwe meli.

Niliandika hayo yote. Nilikuwa kwenye neno "meli" nilipouona mtumbwi. Ulikuja polepole, makasia mawili, moja la Chande na la pili la yule mgambo, nesi ameketi katikati amepakata kichwa cha mtu. Ilikuwa saa kumi na moja, watu wanakunja mahema. Niliingia majini na viatu vyangu. Bwana Mkurugenzi aliuona pia, akauliza kwenye spika ambayo alisahau kuizima, "Nani ameruhusu chombo hicho?"

Nesi aliniambia alikata roho wakiwa katikati ya ziwa, saa kumi kasorobo. Alisema Zamda aliuliza mara mbili kama ule mngurumo wa mbali ni boti. Hakukuwa na mngurumo bado. Mtoto alikuwa wa kiume.

*

Tulivuka nao Ijumaa, kwa kasia, tukawazika kisiwani pamoja. Idara ilituma rambirambi za kurasa kumi na nne. Bwana Mkurugenzi alikuja mwenyewe na kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri.

Fundi Kitwana alikuja pia, akakaa nyuma.

Udongo ulipokuwa unarudishwa, tukipokezana majembe, Chande alisogea akasimama karibu yangu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kasia. Alisema kwa sauti ndogo, bila ukali:

"Baba, watu wanasema ile injini ndogo ilikuwepo siku zote."

"Ilikuwepo."

"Stoo."

"Stoo."

"Na siku ile ufunguo alikuwa nao nani?"

Mimi ni mtu wa maneno ya ofisini. Yapo mengi ya mahali kama pale: ulikuwa kwenye utaratibu, ulikuwa unashughulikiwa, mhusika hakuwepo. Yote yalinijia, nikayaona yamejipanga, yananisubiri niyatumie. Nikatazama shimo.

"Mimi," nikamwambia.

Chande akaniwekea jembe mkononi, kwa kuwa zamu yangu ya kufukia ilikuwa imefika.